Kigoga cha Fedha

Mwaitu alinipa brashi ya waya, chupa ya Jik na amri moja: kesho kufikia saa nne asubuhi, kaburi liwe safi. Fundi wa taili anakuja kupima. Ilikuwa Agosti, miaka mitano tangu tumzike buda, na sisi watoto hatimaye tulikuwa tumechanga pesa za kulivalisha kaburi taili kama makaburi mengine ya pale kijijini.

"Kuvu imempanda baba yako," alisema. "Watu waje kumbukumbu wamkute ameota kuvu? Hiyo aibu utaiweka wapi?"

Nilisema sawa mwaitu, nikaenda.

Kwetu ni upande wa Machakos, kule ambako ukitaka kulima lazima kwanza uelewane na mawe. Buda alikuwa fundi wa mawe. Amejenga kuta nyingi za Eastlands, kuta ambazo mimi na wewe tunazipita kila siku tukikimbilia matatu, na hakuna hata moja iliyo na jina lake. Alipokufa, pesa zilikuwa zimeishia hospitali, kwa hivyo habari ya marumaru tuliisahau. Fundi mwenzake alimwaga simiti, akailainisha, na kabla haijashika akaandika kwa msumari wa inchi sita: jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Herufi zimeinama kidogo upande wa kulia. Basi, hilo ndilo jiwe la kaburi tulilo nalo.

Nilipoinama na brashi mkononi ndipo nikaona. Simiti yenyewe ilikuwa na madoa tu, hapa na pale. Ila herufi zilikuwa zimejaa. Kila mfereji wa msumari ulikuwa umeota kitu kifupi, kilichobanana, cheupe kwa mbali na chenye ukijani ukisogea, kana kwamba mtu amepitisha uzi wa fedha ndani ya jina. Mvua za miaka mitano zilikuwa zimeanza kula kingo za herufi. Nikajaribu kusoma jina bila ule mmea, yaani kuusoma mfereji peke yake, na kuna herufi mbili sikuziona kabisa.

Nikaweka brashi chini.

Kwanza nilifanya kile ambacho kila mtu wa rika langu angefanya: nikapiga picha, nikaipa programu ya simu inayotambua mimea. Ikafikiri kidogo, kisha ikaniambia hiyo ni *Grimmia pulvinata*. Nilifurahi sana. Nikapeleka habari jikoni.

"Kwa hivyo ina jina la kizungu," mwaitu akasema bila kugeuka. "Bado ni kuvu."

Kwa Kiswahili, neno nililolipata kwanza ni kuvumwani. Kuvu na mwani, vimebandikwa pamoja. Wengine husema kigoga, na hilo ndilo nitakalolitumia hapa, mradi tuelewane kwamba si kigogo, yule wa siasa. Kigoga si kuvu, kwa sababu kinajipikia chakula kwa jua kama mahindi. Si mwani pia. Ni mmea kamili wenye shina na majani, ila hauna mizizi ya kunyonya maji, hauna maua, hauna mbegu. Maji hauyafuati chini ardhini, unayasubiri yaje yaulowanishe mwili mzima. Yasipokuja, unakauka kabisa, unanyamaza, na yakija unaendelea pale ulipoachia.

Usiku ule, kwa bando iliyokuwa ikienda ukingoni, nilitafuta picha za Grimmia. Na hapo ndipo shida ilipoanza. Grimmia ni kigoga cha kweli cha mawe makavu. Huko Ulaya kimejaa juu ya kuta na mapaa, vimito vidogo vya duara vyenye rangi ya kijivu. Kwa mbali kinafanana na changu. Lakini maelezo yote yalirudia jambo moja: ukijivu wa Grimmia unatoka kwenye nywele. Kila jani linaishia kwa unywele mrefu, mweupe, unaopitisha mwanga, na nywele hizo zikikusanyika, mto mzima unaonekana kama mgongo wa panya. Nikajiuliza, changu kina nywele?

Mimi hutengeneza simu pale Luthuli Avenue, na lenzi ya kuangalia ubao wa simu haitoki kwenye begi langu. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya kaburi la babangu nikiwa na lenzi jichoni. Jirani mmoja alipita na ng'ombe wake, akanitazama, akaamua kutouliza.

Hakukuwa na nywele. Kila shina lilikuwa kama msuko mwembamba wa kamba, urefu wake haufiki hata sentimita moja, na majani yalikuwa yamelaliana kama vigae, yamejibana hadi huoni shina lenyewe. Jani moja nililong'oa kwa kibanio cha kazi lilikuwa pana, limejikunja kama kijiko, lenye ncha fupi. Sehemu yake ya chini ilikuwa ya kijani. Sehemu ya juu ilikuwa haina rangi, kama kipande cha plastiki safi. Fedha haikuwa unywele. Fedha ilikuwa jani lenyewe.

Nikachukua kifuniko cha chupa, nikadondosha maji. Hapa kuna jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya hata kando ya barabara, na linatofautisha mengi. Kuna kigoga kingine cha sehemu kavu, *Ceratodon purpureus*, ambacho kikikauka majani yake hujisokota, na ukikilowesha hujinyoosha mbele ya macho yako. Grimmia nayo hufungua majani yake. Changu hakikujisokota wala kujifungua. Kilibaki na umbo lilelile la kamba, ila kijani kikapanda kutoka chini, pole pole, na fedha ikafifia. Mweupe akawa kijani kabla sijamaliza kuhesabu hadi mia.

Kwa hivyo programu ilikuwa imekosea. Kilichokuwa kwenye jina la buda ni *Bryum argenteum*. *Argenteum* ni Kilatini, maana yake -a fedha. Zile seli za juu za jani zimepoteza kijani chake, zimebaki tupu na kuta zake tu, na zinarudisha mwanga wa jua kama bati jipya. Ni moja ya vigoga vinavyosamehe mwanafunzi: jamaa zake wengi wa *Bryum* hawatambuliki bila hadubini, lakini huyu unaweza kumjua ukiwa umesimama. Ukimjua, utamwona kila mahali. Kwenye nyufa za kabro za mjini, kwenye kingo za mitaro, juu ya paa tambarare la nyumba ninayokaa. Yupo katika kila bara, hata Antaktika.

Nilidhani nimemaliza. Lakini nyuma ya jina lile, kwenye kila ukurasa niliousoma, kulikuwa na herufi nne na nukta: Hedw. Niliporudi Nairobi nikaanza kumfuata huyo Hedw., na nimekuwa naye tangu hapo.

Ili umwelewe, anza na waliomtangulia. Mwaka 1741, profesa wa botania pale Oxford, Mjerumani aitwaye Johann Jacob Dillenius, alichapisha kitabu kikubwa cha historia ya vigoga, chenye bamba 85 za michoro alizozichonga kwa mkono wake mwenyewe. Michoro ni ya ajabu. Lakini ndani ya kitabu hicho cha vigoga aliingiza pia mimea ya mawe ambayo kweli ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, na hata mwani wa maji. Yaani profesa wa Oxford alikuwa mahali palepale alipokuwa mwaitu. Sijamcheka tena mtu anayesema kuvumwani.

Dillenius alikosea jambo jingine kubwa zaidi. Kigoga kikikomaa huinua kijiti chembamba chenye kifuko juu, na kifuko kikipasuka hutoa vumbi. Yeye aliamini kifuko hicho ni kiungo cha kiume, na vumbi ni chavua. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyevipa viumbe majina mawili mawili, aliyewahi kumtembelea Oxford mwaka 1736, akalichukua kosa hilo kama lilivyo. Mwaka 1753 alichapisha kitabu chake cha mimea ya dunia, na *Bryum argenteum* imo humo, kwa jina hilohilo. Akaviweka vigoga katika fungu la mwisho kabisa, pamoja na kuvu, mwani na jamii ya mangugu, fungu alilolipa jina lenye maana ya ndoa ya siri. Kwa lugha nyingine: hatujui hawa wanazaana vipi, tuendelee na maua.

Aliyekataa kuendelea na maua ni Johannes Hedwig. Alizaliwa mwaka 1730 Kronstadt, huko Transylvania, mji ambao leo unaitwa Brașov na uko Romania. Alisomea udaktari Leipzig, akahitimu mwaka 1759, akarudi nyumbani kutibu watu wake. Akaambiwa hapana: cheti chake hakikutoka kwenye vyuo vya Austria, kwa hivyo hawezi kufanya kazi. Kama umewahi kubeba karatasi zako ofisi hadi ofisi ukiambiwa digrii hii haitambuliki, huyu ni mwenzako. Alirudi Saxony, akafungua kazi ya udaktari katika mji wa Chemnitz, na muda uliobaki akaumalizia kwa mimea midogo na hadubini.

Ninapenda sana sehemu hii ya maisha yake, labda kwa sababu kazi yangu ni ya lenzi. Mchana anapima homa za watu. Muda wake wa ziada ana kipande cha kigoga chini ya kioo, anakigawanya kwa sindano, anachora. Na katika miaka ya 1770 akaona kile ambacho Oxford na Uppsala hawakukiona. Viungo vya kiume na vya kike vya kigoga haviko kwenye kifuko hata kidogo. Viko chini, vimefichwa katikati ya majani. Kifuko na kijiti chake ni mtoto: hukua juu ya kichwa cha mama, hunyonya kwa mama, na vumbi lake si chavua. Hedwig alilipanda lile vumbi akaliona likichipuka. Leo tunajua pia kwamba seli za kiume za kigoga lazima ziogelee kwenye maji ili kulifikia yai, ndiyo maana mmea wa mahali pakavu, kama huu wetu, lazima uivizie mvua hata kwa mapenzi.

Alichapisha matokeo hayo mwaka 1782, na mwaka uliofuata akashinda tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Saint Petersburg. Alikuwa na zaidi ya miaka 50. Baadaye, mwaka 1789, Leipzig ikamfanya profesa wa botania na msimamizi wa bustani yake. Grimmia nayo ilipewa jina kwa heshima ya daktari mwenzake wa Gotha, Johann Friedrich Carl Grimm. Sio wale ndugu wa hadithi.

Hedwig alikufa mwaka 1799 akiwa hajakichapisha kitabu chake kikubwa cha aina zote za vigoga. Muswada ulibaki mezani. Mwanafunzi wake, Christian Friedrich Schwägrichen, aliuchukua, akaupanga, akautoa mwaka 1801. Na baadaye wanabotania walipokaa kukubaliana ni wapi hesabu ya majina ianzie, kwa vigoga walichagua kitabu hicho. Mimea mingi duniani majina yake yanahesabiwa tangu Linnaeus, 1753. Vigoga, isipokuwa jamii moja ya kwenye majimaji, vinahesabiwa tangu 1801. Ndiyo sababu *Bryum argenteum* haimtaji Linnaeus aliyeitumia karibu miaka hamsini mapema. Inamtaja Hedw. Jina limeshikiliwa na kitabu cha marehemu, kilichokamilishwa na mtu mwingine baada ya mazishi. Nilipolielewa hilo nilikaa kimya kidogo kwenye kibanda changu, mteja akaniuliza kama simu yake imekataa.

Sampuli za Hedwig bado zipo, Geneva, zimekaushwa na kufungwa kwenye karatasi. Na hapa ndipo kigoga kinapolipa wanaokijali: sampuli iliyokauka karne mbili ukiitia maji ya moto, majani yake hulainika na kurudi kwenye umbo lake. Haifufuki, imekufa siku nyingi. Lakini inaonyesha uso wake, na unaweza kuilinganisha na ile uliyoing'oa jana.

Sasa, hivi vitu vilifikaje kuandikwa kwetu? Nikakutana na kisa ambacho sikukitarajia. Mwaka 1886, jarida la Linnean Society la London lilitoa orodha ya vigoga vilivyokusanywa Afrika na marehemu Askofu James Hannington, pamoja na vile ambavyo Harry Johnston alivichuma Kilimanjaro. Hannington tunamjua sote kutoka kwa vitabu vya historia, yule askofu aliyeuawa Busoga Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba mtu huyo alikuwa na mazoea ya kusimama njiani kung'oa vigoga. Safari yake ya mwisho ilianzia pwani, ikapita Ukambani, ikapita Kikuyu, hadi Kwa Sundu, ambako leo ni Mumias. Ukambani, yaani kwetu.

Aliyeviandikia vigoga hivyo majina hakutoka Uingereza kuja kuvitazama. Aliitwa William Mitten, mfamasia wa Hurstpierpoint, kijiji cha Sussex, ambacho ndicho alichozaliwa Hannington. Vifurushi vilimfikia dukani, akavilowesha, akavitazama kwa hadubini katikati ya wateja wa dawa za kikohozi. Bintiye aliolewa na Alfred Russel Wallace, yule aliyelifikia wazo la uteuzi wa asili sambamba na Darwin. Mitten alipofariki mwaka 1906, mkusanyo wake ulinunuliwa na bustani ya botania ya New York. Kwa hivyo ukitaka kuvifuata vigoga ambavyo Mitten alivikusanya maisha yake yote, panda ndege uende Bronx.

Msafara wa Hannington ulikuwa na wapagazi wapatao 200, na wengi wa wale alioingia nao Busoga waliuawa pamoja naye. Chini ya jina la kigoga utasoma aliyekichuma na aliyekipa jina. Aliyekibeba kichwani hayumo. Sisemi hivyo ili kumchukia Mitten, alifanya kazi nzuri na kwa subira kubwa. Ila mimi ni mtoto wa fundi, na kila nikisoma orodha ya majina lazima niangalie nani hayumo.

Nirudi kaburini, saa nne inakaribia.

Nilimwita mwaitu. Nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, nikampa lenzi, nikamfundisha kuisogeza jichoni badala ya kuinyoosha mkono kama gazeti. Alichukua muda kupata umbali unaofaa. Nilimwambia hiki si kuvu, hakina mizizi, hakiwezi kuipasua simiti ya fundi. Nikamwambia kwamba kigoga hiki hakihitaji hata kuzaa ili kisambae, vincha vyake hukatika na kusafiri chini ya viatu, na kwamba huenda siku ya mazishi tulikileta sisi wenyewe kutoka Nairobi, kwenye soli zetu, tukakikanyagia hapa. Hilo la mwisho siwezi kulithibitisha. Lakini sikuacha kulisema.

"Na jina lake?"

"Cha fedha. Kigoga cha fedha."

Akanyamaza. Kisha akamwaga maji yaliyobaki kwenye jagi juu ya herufi, kutoka mwanzo wa jina hadi mwaka wa mwisho, na tukaangalia kijani kikipanda, herufi moja moja, zile mbili nilizoshindwa kuzisoma zikiwemo.

"Aliandika vibaya," akasema mwaitu. "Hii *e* ameigeuza."

Ilikuwa kweli. Miaka mitano na hakuna aliyekuwa ameiona.

Fundi wa taili alifika saa tano, kama kawaida ya mafundi. Tulimwambia apige taili pembeni zote, lakini juu, pale katikati penye maandishi, paachwe wazi. Aliizunguka simiti mara mbili akiwa na futi yake, akapima, akaandika kwenye kiganja. Akatuambia hakuna shida, anaweza kuacha hilo dirisha, ila bei ni ileile.